Ng'ombe wa Chuma wa Nesi Milembe

Nesi Milembe Bujiku hakuwahi kumiliki ng'ombe hata mmoja mwenye pumzi. Aliniambia hivyo mwenyewe siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu, bila kuulizwa, kwa sauti ile ile ambayo mtu mwingine angetumia kusema kwamba hali dagaa. Kwa kabila letu, mtu wa umri wake asiye na zizi husalimiwa upesi na kupitwa. Yeye hakupitwa, maana zizi alikuwa nalo. Lilikuwa la magari madogo ya chuma, kila moja linaenea kiganjani.

Mimi naitwa Anatoli. Nina steshenari karibu na stendi ya zamani hapa Bariadi: nachapa barua, natoa kopi, nakata karatasi, na kila Novemba natukanwa na walimu wanaotaka mitihani yao ya jana iwe tayari leo. Baba yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo nimekulia mjini, na ng'ombe namjua akishafika kwenye sahani. Nalitaja hili mapema kwa sababu kosa nililolifanya ni la mtu wa namna hiyo.

Alikuja mwaka 2013, amestaafu miezi michache nyuma, akitaka kopi za faili lake la mafao. Mashine ilikuwa imekwama. Nikiwa nimeinama kuitoa karatasi tumboni, yeye alikuwa ananikagua mimi na duka langu.

"Umeoa?" akauliza.

"Nimeoa, mayu," nikajibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na huku ndivyo mwanamke mzima anavyoitwa hata na asiyemzaa.

"Unalewa?"

"Hapana."

"Huu ukuta ni wa tofali au umepaka tope ukalipiga rangi?"

"Tofali, mayu."

"Basi nitakuwekea ng'ombe."

Akafungua pochi, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na Landrova ya chuma, ile ndefu ya zamani waliyoiita wan-o-naini, rangi ya kijani iliyopauka, bati la juu jeupe. Aliisimamisha kwenye rafu, kati ya gundi na mashine ya kubania karatasi, akaigeuza itazame barabara. "Anaitwa Debora," akasema. "Nitakuja kumwona kila Juni."

Nilidhani nimepata mteja mwenye kichaa cha upole. Baadaye nikaja kujua kwamba hakuna kichaa hapo, kuna utaratibu, na utaratibu wenyewe ni wa mababu.

Msukuma mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Huwagawa: watano kwa rafiki Itilima, watatu kwa shemeji Meatu, ili ugonjwa ukipiga hapa usimmalize. Anayewekewa hunywa maziwa na kuchukua samadi. Akitunza vizuri kwa miaka, mwenye mali humpa mtamba akaanzie zizi lake. Na ng'ombe akifa, mtunzaji huchuna ngozi akampelekea mwenyewe. Ngozi ikifika, hakuna kesi. Mnakunywa maji, mnaulizana habari za mvua. Isipofika, maana yake ni kwamba ulimuuza au ulimla.

Baba yake, mzee Bujiku wa Nkoma, alikuwa na ng'ombe zaidi ya sitini. Mwaka mmoja ugonjwa uliwafagia wote waliokuwa nyumbani. Waliobaki ni wale aliokuwa amewaweka kwa watu upande wa Meatu, na kwa hao akaanza upya. Milembe alikuwa msichana mdogo, akaiona ile siku waliporudishwa. Mzee alipokufa, wanawe wa kiume wakagawana zizi. Milembe akapewa sufuria na kanga mbili. Na kwa kuwa hakuolewa, hata ng'ombe wa mahari hakuwahi kuwaingiza pale nyumbani, na kaka yake Luhaga alimkumbusha jambo hilo kila msiba na kila harusi. "Wewe ulikula shule," Luhaga alikuwa akimwambia. "Shule ndiyo ng'ombe zako."

Shule ilimpa unesi, na unesi ulimpa magari. Kwa miaka thelathini na nane alifanya huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata akina mama vijijini badala ya kuwangoja mjini. Alikaa nyuma ya gari amekumbatia sanduku la baridi la chanjo kutoka Bariadi hadi Mwanhuzi, kutoka Mwanhuzi hadi Lamadi kwa wavuvi, kiangazi na masika. Anayezijua mbuga zetu za udongo mweusi atanielewa. Mvua ikinyesha, udongo ule hukamata tairi na hauachi mpaka uombwe. Magari aliyoyapanda yalikuwa ya kila namna, na aliyajua kwa tabia: hili linachelewa kuwaka, hili linapenda mchanga kuliko tope, hili ukilisukuma linakasirika.

Mwaka 1991 daktari mmoja Mzungu alirudi kwao na kuacha dirishani kigari cha chuma cha mwanawe. Ilikuwa ile Landrova ya kijani, sawasawa na waliyokuwa wakiipanda. Milembe aliiomba, akapewa. Kuanzia hapo akawa anatafuta magari madogo ya namna hiyo. Minadani, vitu vya kuchezea huja vimechanganyika kwenye marobota ya mitumba, na wakati wenzake wakivutana sketi yeye alikuwa amepiga magoti anapekua chini kabisa ya rundo. Alitaka ya chuma tu. Ya plastiki aliirudisha hata kama ni nzuri. Na hata ya chuma hakuichukua kama gari lenyewe hakuwahi kulipanda, kwa sababu, alisema, ng'ombe usiyemjua tabia humleti nyumbani. Mara moja pale Maswa aliiona shangingi nyeusi inayong'aa, milango yote minne inafunguka. Aliishika kwa muda, akairudisha. Wakubwa walikuwa wakipita ndani ya yale magari wakimpungia mkono. Hakuwahi kukaribishwa kupanda.

Kwa miaka zaidi ya ishirini alipata kumi na nne. Watu walimcheka, na yeye alicheka nao. "Ng'ombe wa maskini hazai," alikuwa akisema, "na wangu wanafuata methali." Watano walikaa nyumbani kwake Somanda. Tisa aliwagawa. Wawili kwa Justina, muuza samaki wa Lamadi, ambaye Milembe aliwahi kumsaidia kujifungua mapacha. Mmoja kwa Luhaga huyo huyo, pale Mwanhuzi, maana ndugu ni ndugu hata akiwa na mdomo. Wengine kwa fundi, kwa katekista, kwa mwenye hoteli. Na Debora kwangu. Kila Juni, pamba zikishaanza kuuzwa, alipanda basi au Noah na kuwazungukia, mmoja mmoja, na kwa kila mtunzaji alipeleka pakiti ya chumvi, kama ile wanayolambishwa ng'ombe.

Jina la Debora lilikuwa na sababu yake. Masika ya mwaka 1984, wakirudi kutoka Nkoma na mama mwenye uchungu, Landrova ilizama kwenye mbuga hadi kwenye ekseli. Dereva Mayige alichimba, akakata matawi, akachimba tena. Mlango wa nyuma ulikuwa mbovu, haufungi sawasawa, na mvua ikawa inaingia. Mtoto hakungoja. Milembe alimpokea humo humo kwenye benchi la nyuma, akamfunga kwa koti la Mayige, na yule mtoto akaitwa Debora. Leo ni mwalimu, anaishi Binza pale Maswa, na ana watoto wake. Kati ya watoto wote waliopita mikononi mwa Nesi Milembe, huyo ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili. Hivyo ukisikia kwamba ile Landrova ndiyo aliyoipenda kuliko zote, usishangae kwa nini aliiweka kwangu: duka langu lilikuwa na tofali, nami silewi.

Niliitunza miaka mitano. Novemba ya mwaka 2018, katikati ya mitihani ya walimu, feni ilikuwa inapeperusha karatasi, nikaichukua Landrova nikaiweka juu ya rundo kama kigandamizo. Rundo lilikuwa kwenye mashine ya kukatia karatasi. Nikageuka kumjibu mwalimu aliyekuwa akipiga kelele, mkono wangu ukagonga mpini, kisu kikashuka chenyewe. Chuma kilikuwa cha zamani, kimekauka. Bati jeupe likaruka upande wake, ubavu ukapasuka mara mbili, magurudumu yakabaki kwenye kipande cha chini.

Ningepanda bodaboda jioni ile nikampelekea vipande, habari ingeishia hapo. Lakini mimi nilifikiri kama mtu wa dukani: kitu kikiharibika, lete kingine. Nikaweka vipande kwenye bahasha ya A4, nikaifungia kwenye droo, nikaanza kutafuta kwenye simu. Nikampata muuzaji Dar, akawa nayo aina ile ile, rangi ile ile, mpya kwenye boksi. Ilipofika nikaikwangua kwa msasa, nikaianika juu ya bati la nyumba miezi mitatu ipauke. Mke wangu aliniuliza naanika nini, nikamwambia ni kazi ya mteja. Nilijisifu kimoyomoyo kwa ufundi wangu.

Juni akaja na chumvi yake. Aliichukua kutoka kwenye rafu, akaishika, akaufungua mlango wa nyuma na kuufunga. Akaurudia. Kisha akairudisha mahali pake.

"Ng'ombe wangu hajambo?" akauliza.

"Hajambo, mayu."

"Huna la kuniambia?"

"Mhola duhu," nikasema. Ni salama tu.

Akaondoka. Juni iliyofuata hakuishika tena. Alisimama kaunta, akaiangalia kwa mbali, akauliza maswali yale yale mawili, nikampa majibu yale yale mawili. Nikaona nimeponea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikwenda miaka mingi.

Mwaka jana macho yake yalianza kuzima. Presha ya macho, aliambiwa hospitali, na kwa kuwa ni mtu wa kazi hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Jicho la kulia lilikuwa limeshaondoka. La kushoto lilibakiza duara dogo katikati, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Walimpa dawa za matone za kuchelewesha, si za kurudisha. Akakaa nalo wiki moja, kisha akaja dukani akishikwa mkono na dereva wa bajaji.

"Nataka niwaone wote," akasema. "Baba alifanya hivyo mwaka wake wa mwisho. Aliwaita wote kutoka kwa watu, akawatazama siku moja, akawarudisha. Mimi sijawahi kuwaona kumi na nne pamoja hata siku moja. Huyu akiwa wa kumi na nne." Akaelekeza kidole kwenye rafu, pembeni kidogo ya pale gari lilipokuwa. "Waje nyumbani kwangu Jumamosi ijayo. Debora binti yangu naye anakuja. Nichapie orodha, ili siku hiyo mtu atusomee."

Nikakaa kwenye kompyuta, yeye akasema kutoka kichwani. Nikaandika jina, rangi, mtunzaji. *Tope la Mwanhuzi, Lendikruza nyeupe yenye mkonga, kwa Luhaga. Alilala Mtoni, difenda ya kijivu, kwa Justina.* Tulipofika kwa kila mmoja aliongeza neno la mwisho, na mara ya kwanza sikulielewa.

"Sikio," akasema. "Andika sikio."

"Sikio gani, mayu?"

"Alama. Wewe ulidhani nitagawa ng'ombe bila kuwakata sikio? Kila mmoja nimempiga tupa bampa la nyuma, kushoto, pengo moja. Anayeiba ng'ombe hawezi kusema hakuona."

Vidole vyangu vilisimama kwenye kibodi. Pengo lile nilikuwa nimeliona, miaka ile, kwenye Landrova yake ya mwanzo. Nilidhani ni jeraha la uzee. Mtoto wa Kisukuma, na nikadhani ni jeraha! Nilimalizia orodha, nikaichapisha, nikamsindikiza hadi kwenye bajaji. Alipoondoka niliishusha ile ya Dar na kuigeuza. Bampa lilikuwa zima kutoka pembe hadi pembe.

Nilikuwa na siku saba. Ya kwanza hadi ya tano nilijiambia nitakwenda kumwambia. Siku ya sita, saa ya chakula cha mchana, nilifunga mlango wa duka, nikaazima tupa kwa fundi baiskeli wa jirani, nikakata pengo. Lilichukua dakika mbili. Nililipaka majivu kidogo lising'ae, nikamrudishia jirani tupa yake, akaniuliza nimetengeneza nini. Nikamwambia ufunguo.

Jumamosi ile palitandikwa mkeka uani kwake Somanda, na juu ya mkeka shuka jeupe la hospitali. Nesi Milembe alikaa kwenye kiti kifupi, miguu imenyooshwa. Watu hatukuzidi ishirini. Mwalimu Debora alikuwa amefika mapema kutoka Binza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya darasani, na ndiye aliyeshika orodha. Utaratibu ulikuwa mwepesi: anasoma jina, mtunzaji anamweka ng'ombe mikononi mwa mwenyewe, mwenyewe anampapasa sikio, anamsogeza karibu na jicho la kushoto, anamtazama apendavyo, anampanga kwenye shuka. Wengine aliwatazama kidogo. Difenda ya Justina aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Tope la Mwanhuzi," Debora akasoma. "Kwa Luhaga."

Mzee Luhaga aliinuka. Nilikuwa nikimsikia tu kwa mdomo wake. Siku ile hakuwa nao. Alivua kofia, akatoa kifurushi cha kitambaa, akapiga goti moja kwa shida na kukiweka mikononi mwa dada yake kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kilichobondwa hadi kikawa bapa, na tairi moja.

"Mkokoteni ulimpanda," akasema. "Mwezi wa pili. Wajukuu walimpeleka malishoni na ng'ombe wengine, nami ndiye niliyeruhusu. Ngozi ndiyo hii, dada yangu."

Nesi Milembe alikipapasa kile kipande, akapata bampa, akapata pengo.

"Ni yeye," akasema. "Ngozi nimeipokea. Wabeja, kaka, asante. Inuka, magoti yako hayana vipuri." Watu wakacheka, Luhaga naye akacheka, na kile kipande kikapangwa kwenye shuka katikati ya wazima, kikahesabiwa.

Nikaona kwa macho yangu jinsi lilivyokuwa jepesi. Ningeweza kuinuka wakati ule ule. Sikuinuka. Nilikuwa na gari mfukoni lenye sikio lililokatwa, na nikaamua kuliamini.

"Debora," akasoma Debora, na sauti ya darasani ikalegea kidogo. "Landrova ya kijani, bati jeupe. Kwa Anatoli."

Nikaiweka mikononi mwake. Hakuipeleka kwenye jicho. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja nyuma, kushoto, kikalipata pengo, kikapita juu yake mara moja, kikarudi, kikatulia.

"Kidonda hiki ni kibichi," akasema. "Kinakwaruza."

Nikainamisha macho kwenye shuka.

"Nimefunga vidonda miaka thelathini na nane, Anatoli. Cha juzi nakijua, na cha zamani nakijua." Alisema bila hasira, na hilo lilinimaliza zaidi. "Huyu si wangu. Wangu alikufa lini?"

"Mwaka 2018, mayu. Novemba."

"Ngozi iko wapi?"

"Dukani. Kwenye droo."

"Kailete."

Niliondoka pale nikiwa nimeinamisha kichwa, nikapanda bodaboda, nikafungua duka, nikafungua droo. Bahasha ilikuwa pale chini ya karatasi za kaboni, imeshika vumbi. Njiani kurudi niliibana kifuani kama mtu anayepeleka cheti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na haikuwa aibu ya kukamatwa. Watu wote walikuwa wamengoja. Hakuna aliyekuwa amegusa pilau.

Nilipiga magoti yote mawili. Nikavitoa vipande kimoja kimoja: bati jeupe, ubavu, ubavu wa pili, kipande cha chini chenye magurudumu. Alivipokea kwa mpangilio huo. Kwenye cha mwisho aliupata mlango wa nyuma, bado unaning'inia kwenye bawaba moja, akausukuma. Haukufunga. Akatabasamu.

Kisha akalichukua bati jeupe na kulisogeza kwenye lile tundu dogo la jicho lililobaki. Alilitazama muda mrefu, akilizungusha taratibu ili aone kila pembe, kwa kuwa nzima hakuweza kuliona kwa mara moja. Debora alikuwa amechuchumaa pembeni yake. Akampa lile bati, na Debora akalishika kwa viganja viwili.

"Nilitaka kumwona akiwa mzima," Nesi Milembe akasema. "Ungeniletea mwaka ule ningekuwa na macho, ningempeleka kwa fundi Yakobo akamuunga. Sasa hata akimuunga sitaona."

"Mayu, ulijua?" nikauliza.

"Juni ile ile. Mlango wa nyuma wa Debora wangu haukufunga kamwe, kama ule wa Landrova ya Mayige. Wa kwako ulifunga vizuri sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ngozi huletwa," akasema. "Haidaiwi. Nimekuja kwako kila Juni na chumvi, nimekuuliza una la kuniambia. Ningefanya nini zaidi?"

Akavipanga vipande vyote vinne kwenye shuka, karibu na kile cha Luhaga. Akamwambia Debora ahesabu. Debora akahesabu kwa sauti, akafika kumi na nne, na Nesi Milembe akasogeza kichwa huku na huku juu ya safu nzima, akiwapitia mmoja mmoja kwa lile duara lake dogo, mwanzo hadi mwisho, halafu mwisho hadi mwanzo. Alipomaliza akasema tule.

Baada ya kula akawagawa. Alisema macho hayatamruhusu kuzunguka tena, kwa hiyo kila aliyetunza amchukue wake awe mtamba wake, wa kwake kabisa. Luhaga, aliyeleta ngozi, alipewa mmoja wa wale watano wa nyumbani, Suzuki ya bluu, akaipokea kwa mikono miwili na machozi, yule mzee mwenye mdomo. Vipande vya Debora alibaki navyo mwenyewe kwenye kitambaa kile cha mwanzo.

Mimi nilikuwa mlangoni, naaga, aliponiita. Ile ya Dar ilikuwa bado mapajani mwake.

"Umesahau ng'ombe wako," akasema.

"Si wangu, mayu. Niliununua uongo."

"Ni wako. Umemkata sikio kwa mkono wako." Akanipa pamoja na pakiti ya chumvi, ya Juni ile, ambayo alikuwa ameiweka tayari tangu asubuhi.

Nimeirudisha kwenye rafu, kati ya gundi na mashine ya kubania karatasi. Juni hii imepita, hakuja mtu. Wateja huiona, wengine huishika na kuufungua mlango wa nyuma, nao hufunga vizuri. Wakiuliza ni ya nani, nawaambia ni yangu.